Marehemu kwenye dokumentari: nani anamsemea?

Mtu aliye hai akihojiwa kwa ajili ya dokumentari anaweza kukataa swali, kurekebisha jibu, au kupiga simu kesho yake kulalamika. Marehemu hana nafasi hiyo. Tunayemwona kwenye skrini amejengwa upya na mwongozaji na mhariri kwa vipande vilivyobaki: picha za maktaba, kanda za nyumbani, barua, kumbukumbu za waliomjua. Kuunda simulizi ya marehemu ndiko huko. Si lazima pawe na uongo. Kila kipande kinaweza kuwa cha kweli, na bado anayetokea akawa si yule ambaye mama yake alimjua.

Nguvu kubwa iko katika kuchagua. Timothy Treadwell, Mmarekani aliyekaa majira mengi ya joto karibu na dubu wa Alaska, aliuawa na dubu mwaka 2003. Aliacha zaidi ya saa 100 za video alizojirekodi mwenyewe, lakini filamu ya Werner Herzog, Grizzly Man (2005), haifiki hata saa mbili. Treadwell aliwaona dubu kama marafiki. Herzog, kwa sauti yake, anampinga waziwazi: yeye machoni mwa dubu haoni undugu wowote. Huu ni ubishi ambao upande mmoja umeshazikwa. Hata hivyo naona afadhali huo, kwa sababu mtazamaji anajua ni nani anayesema. Waongozaji wengi hubishana na marehemu kimyakimya, kwa kukata na kwa muziki.

Kamera ya Treadwell ilinasa pia sauti za kifo chake. Herzog anaonekana akizisikiliza kwa vipokea sauti, ila sisi hatusikilizishwi. Kuacha nako ni kuunda.

Kuna na hili la mwisho unaojulikana mapema. Mtazamaji anajua kwamba mtu huyu atakufa, kwa hiyo kila tukio la kawaida hugeuka dalili. Aliyekuwa akivuta sigara tu dirishani, wekea kinanda cha taratibu, ataonekana anaaga dunia.

Familia nayo ina mkono wake, maana mara nyingi ndiyo yenye kanda na haki za picha. Ikikubali kuzitoa, huenda ikatarajia mtu wake atendewe kwa upole. Isiporidhika, hubaki kulalamika hadharani, kama alivyofanya baba yake marehemu Amy Winehouse, mwimbaji wa Uingereza, kuhusu filamu ya Amy (2015). Mahakamani msaada ni mdogo: Uingereza na Marekani, kwa kawaida, aliyekufa hakashifiki kisheria.

Siku hizi hata sauti inaweza kutengenezwa. Katika Roadrunner (2021), filamu inayomhusu mpishi na mtangazaji Anthony Bourdain aliyefariki mwaka 2018, inasikika sauti yake ikisoma barua pepe aliyomwandikia rafiki. Mwongozaji Morgan Neville alikuja kueleza kwenye mahojiano kwamba sauti hiyo ilitoka kwenye akili bandia. Maneno yalikuwa ya Bourdain kweli. Aliyeyatamka ni kompyuta, na ndani ya filamu hakuna mahali mtazamaji alipoambiwa hivyo.