Tabia Ikibadilika Ghafla, Njooni na Tarehe

Kila ifikapo Julai 22, Siku ya Ubongo Duniani, kitengo chetu cha magonjwa ya ubongo na mishipa ya fahamu hupokea maswali ya wananchi. Safari hii maswali yamekuja pamoja na malalamiko, na mengi yanafanana. Familia zinasema tunawahoji kama polisi, tunang'ang'ania tarehe wasizozikumbuka, tunakataa kuandika barua wanazozihitaji kwa mwajiri au mahakama, na tunampangia siku nyingine mgonjwa aliyekuja bila mtu anayeishi naye. Malalamiko tumeyapokea. Lile la kusubiri muda mrefu ni la haki na tunalifanyia kazi. Mengine yanatokana na kutojua tunatafuta nini tunapouliza, na hilo ndilo nitakalolieleza hapa.

Tunatafuta mwanzo. Mtu aliye mkali tangu utotoni ana hulka yake, na hulka haiandikiwi dawa. Lakini mtu aliyekuwa mpole kwa miaka 50, akaanza kutukana wageni mezani tangu mwezi wa tatu, huyo mabadiliko yake yana tarehe. Chenye tarehe kina chanzo, na vyanzo vingine vinatibika kabisa vikiwahiwa.

Mwanamume mmoja aliletwa na mkewe. Shtaka, maana lilikuja kama shtaka, ni kwamba akiulizwa jambo la maana, hasa la fedha, ananyamaza, anakodoa macho na kumdharau mwenzake. Ndoa ilikuwa imefika pabaya. Nikiwa bado naandika umri wake, alikatiza sentensi katikati. Macho yakaganda ukutani. Midomo ikaanza kutafuna kitu kisichokuwepo, na mkono wa kulia ukawa unachezea kifungo cha shati, unakivuta na kukiachia, unakivuta na kukiachia. Nikamwita kwa jina, hakuitika. Nikatazama saa. Zilipita sekunde 70. Kisha akashusha pumzi, akaangaza huku na huku, akaniuliza kama nimeshamaliza kuandika. Mkewe akasema kwa sauti ya chini, "Ndiyo hii, daktari. Ndiyo dharau yenyewe." Halafu akajifunika uso.

Kilikuwa kifafa. Si kila kifafa humwangusha mtu na kumtoa povu. Kikianzia sehemu ya ubongo iliyo ndani ya panja, seli nyingi hufyatua umeme kwa pamoja, fahamu hukatika, ila mikono na midomo huendelea na vijitendo visivyo na maana. Kwa kawaida huisha ndani ya dakika moja au mbili, na mwenyewe habaki na kumbukumbu yoyote. Mke aliona sawasawa kila kitu: macho, ukimya, muda. Alichokosea ni jina tu. Mgonjwa alianzishiwa dawa, na miezi kadhaa baadaye mama yule alirudi peke yake kuniuliza amwombeje mumewe radhi.

Kwa hiyo neno "makusudi" naomba tuliweke pembeni mpaka vipimo vifanyike. Nalisikia kila siku ya kliniki, na mara nyingi linasemwa mbele ya mgonjwa mwenyewe.

Kisa kinachotajwa zaidi katika fani yetu ni cha Phineas Gage, msimamizi wa wajenzi wa reli nchini Marekani. Tarehe 13 Septemba 1848, karibu na Cavendish katika jimbo la Vermont, alikuwa akishindilia baruti kwenye tundu la mwamba, baruti ikalipuka. Mtaimbo wenye urefu wa zaidi ya mita 1 na uzito wa takriban kilo 6 ukaingia chini ya mfupa wa shavu la kushoto na kutokea juu ya kichwa. Hakufa. Muda mfupi baadaye alikuwa anaongea. Daktari wake, John Harlow, aliandika kwamba mtu aliyekuwa makini na mwenye kuheshimika kazini aligeuka kuwa mwenye matusi, asiyetulia na asiyekamilisha mipango yake. Waajiri wakakataa kumrudishia nafasi yake, na marafiki wakasema huyu si Gage tena.

Mtaimbo ule uliharibu sehemu ya mbele ya ubongo, nyuma ya paji la uso. Hapo ndipo panapopimwa matokeo ya jambo kabla halijatendwa: niseme au ninyamaze, ninunue au niache. Sehemu hiyo haizalishi hasira wala tamaa, hizo zina njia zake ndani zaidi. Kazi yake ni kuzizuia. Ndiyo pia ya mwisho kukomaa, maana huendelea kujengeka hadi mtu anapopita miaka 20, kwa hiyo wazazi wa vijana wasikimbilie kutuletea kila ubishi wa nyumbani.

Visimuliwavyo kuhusu Gage mara nyingi huishia kwenye matusi. Huo si mwisho wake. Baadaye alifanya kazi kwa miaka kadhaa nchini Chile akiendesha magari ya farasi ya abiria, kazi yenye ratiba, njia ileile na majukumu yaleyale kila siku. Alifariki mwaka 1860. Mimi naamini ratiba ile ilimsaidia kuliko karipio lolote, na ndivyo ninavyowashauri wanaomtunza mtu aliyeumia kichwa: mpangieni siku inayofanana na jana yake.

Siku hizi wanaofika kwetu na tabia kama za Gage si wengi waliopigwa na chuma. Wengine wana ugonjwa unaoua polepole seli za sehemu ya mbele na za pembeni za ubongo, na mara nyingi huanza kati ya miaka 45 na 65. Kumbukumbu inaweza kuwa nzuri kabisa mwanzoni. Kinachoondoka ni haya, huruma na kujizuia. Mtu anachukua chakula kwenye sahani ya mwenzake, anacheka msibani, anatumia akiba bila kumwambia yeyote. Familia humvumilia miaka, zikidhani ni utu uzima mbaya, na hufika kwetu baada ya talaka au baada ya kufukuzwa kazi. Ugonjwa huo hatuna dawa ya kuusimamisha, nasema wazi. Lakini kujua mapema kunaokoa fedha, ajira na heshima ya mtu.

Lipo lalamiko jingine: "Anajifanya amesahau, mbona kufunga tai anakumbuka?" Jibu lake lilipatikana kwa Henry Molaison, Mmarekani aliyefanyiwa upasuaji wa kifafa mwaka 1953. Daktari aliondoa sehemu za ndani za panja pande zote mbili, na kuanzia hapo Molaison hakuweza kuweka kumbukumbu mpya za mambo yanayomtokea. Mtafiti Brenda Milner alimpa kazi ya kuchora nyota akiutazama mkono wake kwenye kioo. Siku baada ya siku alichora vizuri zaidi, huku kila mara akisema hajawahi kuiona kazi hiyo. Mkono ulijifunza, mwenyewe hakujua. Mazoea ya mikono na miguu huhifadhiwa katika njia tofauti na zile za matukio, ndiyo maana mtu anaweza kufunga tai bila kosa kisha akasahau jina la mjukuu aliyemsaidia kuivaa. Hajifanyi.

Na dawa nazo hubadili tabia. Wagonjwa wa Parkinson, maradhi ya kutetemeka na mwili kukakamaa, hupungukiwa na dopamini, kemikali inayopeleka ujumbe kati ya seli za ubongo, na baadhi ya dawa zao hufanya kazi kwa kuiga kemikali hiyo. Njia za dopamini zinazosaidia mwili kusogea zina ndugu zake zinazomsukuma mtu kutafuta raha na tuzo. Hivyo wachache kati ya wanaotumia dawa hizo huanza kucheza kamari, kununua vitu ovyo au kushikwa na hamu ya ngono isiyo ya kawaida yao, watu ambao hawajawahi kubeti maishani. Wengi huona aibu kusema, na sisi tusipouliza hawasemi. Semeni. Dozi ikipunguzwa au dawa ikibadilishwa, mara nyingi hali hiyo hupungua. Ila mtu asiiache ghafla kwa uamuzi wake, kwa sababu kukatisha dawa za Parkinson ghafla kunaweza kuhatarisha maisha.

Turudi kwenye tarehe, kwa sababu kasi ya mabadiliko ndiyo inayotuelekeza. Mabadiliko ya dakika chache ni ya dharura. Mwenye kisukari anayetumia insulini akianza ukali usio na sababu, jasho na maneno ya kuyumba, sukari yake huenda imeshuka, na kwa macho anafanana na mlevi. Uso ukipinda, mkono ukilegea au maneno yakivurugika, hicho ni kiharusi mpaka ithibitishwe vinginevyo, na dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda kwa kawaida hutolewa ndani ya saa 4.5 tangu dalili zianze. Hesabu huanzia mara ya mwisho mtu alipoonekana mzima. Mkija bila saa hiyo, tunaweza kushindwa kumpa dawa iliyopo kabatini.

Mabadiliko ya saa au siku kwa mzee, yaani asubuhi anajua alipo na jioni anagombana na watu wasiokuwepo, mara nyingi ni maambukizi ya mkojo au mapafu, upungufu wa maji, au dawa mpya. Ya wiki chache kwa kijana aliyekuwa mzima, akiona na kusikia mambo yasiyokuwepo kisha akaanza degedege, hutufanya tutafute ugonjwa wa ubongo kuvimba kwa kushambuliwa na kinga ya mwili yenyewe. Mmoja wa aina hiyo ulitambuliwa rasmi mwaka 2007, huwapata zaidi wanawake vijana, na unatibika. Ya miezi na miaka ni mlango mwingine, kama ule ugonjwa wa sehemu ya mbele ya ubongo nilioutaja juu.

Wanaoamini kwamba binadamu hutumia asilimia 10 tu ya ubongo waiache imani hiyo. Kiungo chenye uzito wa takriban kilo 1.4, asilimia 2 hivi ya mwili, kinachokula karibu asilimia 20 ya nishati yetu tukiwa tumepumzika, hakina nafasi ya kulaza sehemu zake tisa kati ya kumi.

Sasa utaratibu. Mgonjwa aje na mtu anayeishi naye. Ndugu anayemwona siku za sikukuu hatoshi. Mkiwa na karatasi, juu kabisa andikeni tarehe mliyoona jambo la kwanza lisilo la kawaida, hata kama ni ya kukisia: kabla au baada ya kuhama nyumba, kabla au baada ya mtihani wa mtoto. Leteni dawa zote, pamoja na za mitishamba na za kulala, zikiwa kwenye pakiti zake. Kuniambia "vidonge vyeupe vidogo" hakunisaidii, vidonge vingi duniani ni vyeupe na vidogo.

Tukio likitokea nyumbani, mmoja arekodi kwa simu, mwingine amhudumie mgonjwa. Rekodini mwili mzima na uso, na msikate hadi aweze kujibu jina lake. Akiwa na degedege mlazeni ubavu, ondoeni vitu vigumu, tazameni saa, na likizidi dakika 5 iteni gari la wagonjwa. Kijiko mdomoni hapana. Tumelisema hili miaka nenda rudi na bado tunapokea meno yaliyovunjika. Video hiyo ni ya daktari pekee. Kuisambaza mitandaoni ni kuvunja faragha ya mgonjwa, na katika nchi nyingi sheria za kulinda taarifa binafsi huruhusu aliyesambaza kushtakiwa, hata akiwa ndugu wa damu.

Barua. Hatuandiki barua siku ya kwanza, na hatumwandikii ndugu. Mwajiri au mahakama inaomba kwa maandishi, mgonjwa mwenye uwezo wa kuamua anasaini ridhaa, ombi linaingia kwenye jalada, daktari aliyemwona ndiye anayejibu. Mahakama ikitoa amri, tunaitii hata bila ridhaa. Ndani ya barua tunaeleza tulichokuta: ugonjwa, kipimo, tarehe, namna ulivyoweza kuathiri tabia. Hatuandiki kwamba mtu hana hatia. Hiyo ni kazi ya hakimu. Wapo wanaotuomba tuandike "ubongo ndio uliomtuma" kwa mtu aliyefanyiwa kila kipimo akakutwa mzima. Daktari akiandika hivyo anaweza kufutiwa leseni, na anayepeleka barua ya kughushi mahakamani anakabiliwa na kesi ya jinai juu ya ile aliyokuwa nayo.

Udereva vilevile. Mwenye kifafa akificha hali yake anahatarisha abiria na wapita njia, na sheria haziko upande wake. Uingereza, kwa mfano, dereva wa gari dogo kwa kawaida hukaa miezi 12 bila tukio kabla ya kurudi barabarani, na dereva wa basi au lori miaka 10 bila tukio na bila dawa, na asiyetoa taarifa anaweza kutozwa faini ya hadi pauni 1,000. Masharti hutofautiana kila nchi, kwa hiyo ulizeni mamlaka ya leseni ya kwenu. Kutuomba tusiandike kwenye jalada hakubadilishi chochote, tutaandika.

Anayeishi peke yake asikate tamaa kwa sababu ya sharti la msindikizaji. Mlete jirani au mfanyakazi mwenzako, au tupe namba ya mtu mmoja anayekuona kila siku, tutampigia ukiwa umekaa palepale, kwa ridhaa yako. Swali tutakalomuuliza la kwanza ni lilelile: ilianza lini?