Je, wajua kwa nini mbwa aliyechoka kwa mbio bado hatulii ndani ya nyumba?

Mbwa akizungukazunguka sebuleni, akibweka kila mlango unapogongwa, wengi huamua kumchosha. Hutolewa nje, akarushiwa mpira hadi ulimi ukaning'inia. Akirudi hunywa maji, hujilaza kidogo, kisha huanza upya.

Kuchoka si kutulia. Kufukuza mpira humsisimua: moyo huenda mbio, adrenalini, yaani homoni ya msisimko, hupanda, na mwili huchukua muda kurudi chini hata baada ya mchezo kwisha. Akifanyiwa hivyo kila siku hupata pumzi zaidi, lakini hajafundishwa kukaa ndani bila shughuli. Mazoezi anayahitaji sana, ila kutulia ni somo jingine.

Tena sisi wenyewe humfundisha kinyume. Akilala kimya, nani humtazama? Akibweka au akiturukia, huitwa jina, husukumwa, hukemewa, na kwa mbwa wengi hata kukemewa ni kupata walichokitafuta. Mwaka 1898 mwanasaikolojia wa Marekani, Edward Thorndike, alichapisha majaribio aliyowafanyia paka, mbwa na vifaranga, yaliyoonyesha kwamba tendo lenye matokeo mazuri kwa mnyama hurudiwa. Basi utulivu nao ulipwe.

Tandika mkeka au kigodoro, ukae karibu, usiseme neno. Akijilaza, weka kipande kidogo cha chakula katikati ya miguu yake ya mbele. Usimrushie, maana atainuka kukifuata. Sasa mwangalie mwili. Mbwa aliyelala huku miguu yote minne iko chini yake, kichwa juu, masikio yamesimama, yuko tayari kuruka. Huyo anangoja tu. Subiri nyonga iegemee upande mmoja, kidevu kishuke, pumzi iwe ndefu. Hapo ndipo pa kumlipa vizuri zaidi, kwa mkono wa polepole na sauti ya chini. Kwa maoni yangu amri ya "lala!" haisaidii sana hapa, kwa kuwa mbwa anaweza kutii huku mwili umekaza.

Akishazoea, ongeza usumbufu kidogo kidogo: piga hatua moja urudi, kesho mbili, kisha gonga meza taratibu. Daktari wa mifugo Karen Overall wa Marekani aliandaa mpango mzima wa namna hii. Dakika chache zinatosha kila mara. Akiinuka usimgombeze, ulimwongezea ugumu upesi mno, rudi nyuma hatua.

Kutafuna, kulamba na kunusanusa pia huwatuliza mbwa wengi. Na usingizi usipuuzwe: mtoto wa mbwa huweza kulala saa 18 hadi 20 kwa siku, na akikosa usingizi huo huwa mkorofi, akauma kila kitu. Mwache alale.

Ila mbwa mtulivu akianza ghafla kuhangaika, hasa usiku, usimfundishe lolote kwanza. Huenda ana maumivu, na anayehitajika ni daktari wa mifugo.