Je, Wajua Kwa Nini Kiyoyozi cha RV Huchaguliwa Kuanzia Kwenye Plagi?

Anayenunua kiyoyozi cha sebuleni hupima chumba kwanza. Anayenunua cha RV, ile nyumba ya magurudumu ambayo Wamarekani husafiri na kulala ndani yake, akianza na vipimo vya chumba anaweza kurudi na mashine nzuri isiyowaka. Swali la kwanza ni hili: una ampea ngapi, yaani mkondo wa umeme kiasi gani?

RV nyingi za Marekani huja na kebo ya ampea 30 au ya ampea 50. Ya 30 hubeba volti 120, kwa hiyo jumla ni wati 3,600. Wengi hudhani ya 50 imeizidi kidogo tu. Sivyo: ina nyaya mbili za moto, yaani zinazoleta umeme, kila mmoja ampea 50 kwa volti 120, na jumla yake ni wati 12,000. Ndiyo maana RV ya ampea 50 huendesha viyoyozi viwili kwa raha, na ya 30 kwa kawaida hukaa na kimoja.

Kimoja hicho mara nyingi ni cha BTU (kipimo cha joto linaloondolewa) 13,500 au 15,000 kwa saa. Cha 13,500 kikishashika kasi hula ampea 13 hivi, cha 15,000 hufika 15 au 16. Washa na maikrowevu, ampea 13 nyingine, kisha hita ya maji, ampea 12, na breka, swichi ya usalama inayokata umeme ukizidi, imekata. Hapo hakuna fumbo, ni kujumlisha tu. Penye fumbo ni sekunde ya kwanza.

Kompresa, pampu ya gesi ndani ya kiyoyozi, inapoamka kutoka kusimama, huvuta umeme mara nne au tano ya kawaida yake, ampea 60 hivi, kwa muda mfupi sana. Breka ya kambini, pale RV inapochomekwa umeme, imetengenezwa kustahimili mshtuko huo. Jenereta ndogo huzidiwa na kukata umeme papo hapo. Dawa yake ni kifaa cha kuwashia taratibu, kiboksi kidogo kinachounganishwa kwenye nyaya za kompresa, ambacho hupunguza mvuto wa mwanzo kwa zaidi ya nusu. Nacho kikiwepo, jenereta iliyoandikwa wati 2,200 huweza kuendesha kiyoyozi cha 13,500, mradi kisiwashwe kitu kingine kizito.

Hiyo 2,200 lakini ni nguvu ya dakika chache. Ya kudumu ni kama 1,800. Na ukipanda mlima inapungua: takriban asilimia 3.5 kwa kila mita 300, kwa sababu hewa ni nyepesi na injini inakosa pumzi. Flagstaff, Arizona, uko mita 2,100 juu ya bahari. Jenereta ile ile hapo inabaki na wati 1,360 hivi, na kiyoyozi kinataka 1,500. Kifaa cha kuwashia taratibu hakiwezi kuziba pengo hilo.

Kuna adui mwingine asiyepiga kelele. Jioni ya kiangazi, kambi ikijaa na kila mtu amewasha, volti hushuka. Kompresa ikipewa volti pungufu huvuta ampea nyingi zaidi, inachemka, na siku moja koili zake zinaungua. Chomeka kipima volti kwenye soketi ya ndani. Ikishuka chini ya 105, zima. Ukiongeza kebo, iwe nene, geji 10 (kipimo cha unene wa waya) kwa mfumo wa ampea 30, na fupi kadiri inavyowezekana. Ukishazima, subiri dakika tatu kabla ya kuwasha tena, ili shinikizo la gesi lisawazike. Ukiharakisha, kompresa inajaribu kuanza dhidi ya shinikizo, inakwama, na breka inakata.

Sasa ndipo tuje kwenye joto. Kuta za RV huwa na unene wa sentimita 4 au 5 tu, na madirisha ni mengi kupita kiasi. Kwa gari la mita 6 au 7, cha 13,500 kinatosha sehemu nyingi. Likipita mita 9, fikiria viwili. Kuruka kutoka 13,500 hadi 15,000 kunakuongezea asilimia 11 tu, na mara nyingi kivuli cha mti na makaratasi ya kung'aa madirishani hukupa zaidi ya hiyo bila kula ampea yoyote. Kikubwa mno pia kina hasara yake kwenye unyevu, kama Florida: kinapoza gari dogo haraka na kukata kabla hakijakamua maji hewani, unalala kwenye shuka baridi lakini mbichi. Arizona, kwenye hewa kavu, kosa hilo halionekani.

Usikipime kwa kulinganisha nje na ndani. Weka kipimajoto mahali hewa inapoingia, kingine inapotoka: tofauti ya nyuzi 9 hadi 12 za Selsiasi ni afya. Ikiwa pungufu, safisha chujio kwanza. Kisha fungua kifuniko cha darini utazame ukuta mdogo unaotenga hewa baridi na hewa inayorudi. Ukiwa na mwanya, ubaridi unarudi mashinini badala ya chumbani, koili ya kupoza inaganda barafu, na mwenye gari anaambiwa gesi imeisha. Utepe wa alumini wa kuzibia ufa huo ni wa bei ndogo mno ukilinganisha na mashine mpya.

Wanaotaka kulala porini bila jenereta wapige hesabu hii. Betri moja ya lithiamu ya Ah 100 (ampea-saa) ina kama Wh 1,280 (wati-saa). Kiyoyozi cha wati 1,500 kupitia inverta, kifaa kinachogeuza umeme wa betri kuwa wa nyumbani, kinaimaliza kwa dakika 45 hivi kikienda mfululizo. Vipo viyoyozi vya volti 12 vyenye kompresa inayobadili mwendo. Kimoja kikivuta ampea 50, betri nne kama hizo zinakifikisha saa nane, yaani usiku mmoja.

Kwenye kufunga, tundu la paa la Marekani ni inchi 14 kwa 14, sawa na la feni. Kiyoyozi hukaa juu ya mpira wa kuzibia na kukazwa kwa boliti nne kutokea ndani, kidogo kidogo kwa zamu, mpaka mpira ubaki nusu inchi. Ukikaza zaidi unapoteza uwezo wa kuziba. Ukilegeza, mvua inaingia. Usiupake silikoni.

Na aliye Nairobi au Dar es Salaam asiagize cha Marekani kwa sababu ya bei. Transfoma itashusha volti 240 ziwe 120, lakini haitageuza Hz 50 (mizunguko ya umeme kwa sekunde) kuwa 60: mota itazunguka polepole kwa moja ya sita na kuchemka. Viyoyozi vya soko la Ulaya, vya volti 230 na Hz 50, ndivyo vya kutafuta, na tundu lake mara nyingi ni sentimita 40 kwa 40.