Dawa ya kusukutua kinywa: ikiwasha si kwamba inaponya

Mtu aking'olewa jino hapa Bukavu, mara nyingi hupitia farmasi ya Kadutu au Nyawera akanunua chupa ya bain de bouche, yaani dawa ya kusukutua kinywa, na jioni hiyohiyo anaanza kusukutua. Ikimuwasha, anaridhika kwamba inafanya kazi. Kumbe kinachowasha mara nyingi ni alkoholi, nayo hukausha kinywa na kuchokoza kidonda kibichi. Tafuta chupa iliyoandikwa «sans alcool», yaani bila alkoholi.

Tena saa 24 za kwanza usisukutue kwa chochote, hata maji. Ndani ya shimo la jino kuna bonge la damu iliyoganda. Linafunika mfupa, na humo ndimo nyama mpya inapoanzia kuota. Likitoka, mfupa unabaki wazi, na siku mbili tatu baadaye maumivu yanapanda hadi sikioni.

Dawa ya kusukutua ambayo sisi waganga wa meno tunaiandika zaidi ni klorheksidini, ya 0,12% au 0,2%. Inanata kwenye meno na ufizi, ikaendelea kuzuia vijidudu kwa saa nyingi. Ila haichagui. Maabarani, fibroblasti, yaani seli zinazosuka nyuzi za ufizi, zikiwekewa dawa hii hupunguza kukua na kusogea, ikizidi, zinakufa. Kinywani haifiki huko kirahisi, kwa sababu mate yanaizimua na mtu anaitema baada ya dakika moja hivi. Kwa hiyo hatuiogopi, tunaiwekea mpaka: mara mbili kwa siku, wiki moja hadi mbili. Wanaoitumia miezi na miezi wanarudi na meno ya kahawia, wakilalamika kwamba mboga haina chumvi. Na ukishapiga mswaki subiri nusu saa kabla ya kuisukutua, kwani povu la dawa ya meno linaidhoofisha.

Na maji ya chumvi ya bibi zetu? Siku ya pili, ndiyo. Nusu kijiko cha chai kwenye glasi ya maji yaliyochemshwa, yakiwa vuguvugu. Kwa kiasi hicho kidogo, maabarani seli za ufizi zimeonekana zikisogea upesi zaidi kuziba jeraha. Usijaze kijiko ukidhani utapona haraka, na usisukutue kwa nguvu. Yazungushe taratibu, kisha uyaache yadondoke.

Ukiona usaha, homa au damu isiyokatika, acha chupa, urudi kwa muganga wa meno siku hiyohiyo.