Vigari vya demani vinavyosogezwa kwa kamba: dhana potofu na ukweli

Demani ni kamba inayovuta ncha ya nyuma ya tanga la mbele, na kabla ya kufika kwenye winchi hupita katika kapi iliyobebwa na kigari kinachoteleza juu ya reli iliyofungwa sitahani. Mahali kigari kinaposimama ndipo panapoamua kama demani italivuta tanga kuelekea chini zaidi au kuelekea nyuma zaidi, na kwa hiyo ndipo panapoamua umbo la tanga zima. Katika mashua nyingi za safari kigari hicho hushikiliwa na pini inayoingia katika tundu la reli, nacho hubaki hapo mwaka baada ya mwaka. Mfumo wa kukisogeza kwa kamba kutoka kwenye usukani si mgeni, ila bado unaelezwa kwa namna zinazowapoteza wengi.

Dhana: Hiki ni kifaa cha mashindano, hakimhusu msafiri.

Ukweli unakaribia kuwa kinyume cha hayo. Mashua ya mashindano huwa na matanga kadhaa ya mbele, kila moja na mahali pake pa demani, tena ina mikono ya kutosha sitahani. Msafiri mara nyingi ana tanga moja tu linaloviringishwa kwenye waya wa mbele, naye hulitumia likiwa zima, likiwa robo tatu au likiwa nusu. Kila mzunguko wa kuviringisha huivuta ncha ya nyuma kuelekea mbele, ilhali kigari kimebaki palepale. Demani sasa inalala mno, inakaza ukingo wa chini peke yake, na sehemu ya juu ya tanga inafunguka na kuanza kupigapiga. Baharia akiona mtikisiko huo hudhani kwamba upepo bado umezidi, huviringisha tena, na kasoro inakua. Alichohitaji ni kukipeleka kigari mbele, na alikihitaji katika saa ambayo hakuna mwenye busara atakayemtuma mwenzake atembee kwenye upande wa sitaha ulioinama huku maji yakipanda.

Dhana: Upepo ukizidi, kigari hurudishwa nyuma, basi.

Kauli hii ina nusu ya ukweli. Tanga likiwa limefunguliwa lote na mashua inakwenda bisha, yaani inaukabili upepo kwa upande, kukirudisha kigari nyuma hukaza ukingo wa chini, hubapisha sehemu ya chini ya tanga na kuuacha ukingo wa nyuma ufunguke huko juu, ili upepo unaolisukuma tanga mbali na maji, ambao ndio unaoiinamisha mashua zaidi, upite bila kushikwa. Lakini pindi tanga linapoanza kuviringishwa hesabu huanza upya, na kigari hutakiwa kwenda mbele kuliko kilipokuwa. Ndivyo ilivyo pia upepo unapotoka ubavuni: demani ikilegezwa, ncha ya nyuma hupanda na kutoka nje, tanga hujipinda juu, na dawa yake ni kupeleka mvuto mbele na, ikiwezekana, nje kwenye ukingo wa sitaha. Upepo uleule unaweza kudai kigari kiende nyuma sasa na mbele dakika kumi baadaye, na hapo ndipo pini inapomshinda mtumiaji wake.

Dhana: Mahali sahihi ni pale demani inapoigawa katikati pembe ya ncha ya nyuma.

Huo ni mwanzo tu wa kutafuta. Wanaolielewa tanga husoma nyuzi nyepesi zilizobandikwa karibu na ukingo wa mbele, chini, katikati na juu. Geuza omo, yaani ncha ya mbele ya mashua, polepole kuelekea upepo: uzi wa juu wa upande unaotoka upepo ukianza kurukaruka kabla ya nyingine, kigari kiko nyuma mno, ukianza ule wa chini, kiko mbele mno, zote zikiruka kwa pamoja, kiache kilipo. Kubandika namba kando ya reli zote mbili, ya kushoto na ya kulia, ni kazi ya dakika chache, nayo hukuwezesha kukiweka mahali pake kigari cha upande usio na mzigo kabla hujageuza mashua.

Dhana: Pini inatosha, maana unaweza kuichomoa na kukipiga kigari teke kidogo.

Kigari chenye mzigo kikiachiliwa huruka nyuma mpaka kizuizi cha mwisho wa reli, na kidole kilichokuwa njiani hakipewi onyo.

Dhana: Kukisogeza kigari kukiwa na mzigo kunahitaji nguvu kubwa, na kamba mbili kila upande.

Tuchukue tanga la mita za mraba 30 katika upepo wa kilomita 37 kwa saa: demani yake hubeba takriban kilo 250. Ikiwa inashuka kutoka kwenye tanga na kupinda digrii 45 kwenye kapi ili ielekee nyuma, kigari husukumwa nyuma kwa chini ya theluthi ya mzigo huo, yaani kilo 75 hivi. Kapi za kamba ya kukisogeza kigari, zikiugawa mzigo kwa nne, huufikisha chini ya kilo 20 mkononi, kabla ya kuhesabu msuguano. Demani ikishuka wima zaidi, kwa digrii 60, msukumo huo hufika nusu ya mzigo, kwa hiyo ni vyema kujiachia akiba. Kwa kuwa mzigo wenyewe unakirudisha kigari nyuma, kamba ya kukivuta mbele inatosha. Kipande cha mpira hukivuta nyuma tanga likiwa limelegea.

Kinachoushinda mkono hasa ni msuguano, kwa maana katika mfano huohuo kigari hunyanyuliwa kwa kilo 175 hivi dhidi ya midomo ya reli, yaani kingo zinazokizuia kisitoke. Kigari cha zamani, chuma juu ya alumini, hung'ang'ania hapo hata kikisaidiwa na winchi. Chenye gololi au bitana za plastiki hutembea. Reli za T, zenye umbo la herufi hiyo, nazo hazifanani, hata zikiwa zote za milimita 32, basi kigari kijaribiwe kwenye reli kabla ya kulipiwa.

Dhana: Skrubu ndefu na gundi nyingi zinatosha kuishika reli.

Mvuto ni wa kwenda juu, na skrubu hung'oka. Bolti zipite sitaha nzima na kukazwa chini yake kwa bamba au washa pana. Sitaha yenye kiini cha balsa (mbao nyepesi sana) au povu itobolewe tundu kubwa kuliko bolti, kiini kilichozunguka tundu kikwanguliwe, nafasi ijazwe epoksi, kisha itobolewe upya kwa kipimo cha bolti. Hatua hii huchosha, na ndiyo inayorukwa mara nyingi, hadi maji yaozeshe kiini. Bolti za chuma cha pua zipakwe kilainisho cha kuzitenga na alumini ili kutu isianzie hapo. Gololi hazitaki grisi, kwa sababu hunasa mchanga na chumvi. Zinataka kusuuzwa kwa maji baridi yasiyo na chumvi.