Oksimita Ikisoma 98, Gesi ya Jiko la Makaa Bado Yaweza Kuwa Damuni

Kila msimu wa baridi jijini Nairobi, idara yetu ya vipimo hupokea malalamiko kwamba oksimita, kile kifaa kinachobanwa kidoleni kupima oksijeni ya damu, "imedanganya": mtu amelala na jiko la makaa katika chumba kilichofungwa, ameamka akiumwa kichwa na kutapika, ilhali kifaa kinasoma asilimia 98. Kwa kawaida kifaa hicho ni kizima.

Oksimita hupima mwanga unaofyonzwa na himoglobini, protini ya chembe nyekundu za damu, yenye minyororo minne ambayo kila mmoja umebeba atomu ya chuma. Oksijeni inaponata kwenye chuma hicho, umbo la protini hubadilika na ufyonzaji wake wa mwanga hubadilika pia: mwekundu hufyonzwa kidogo, infraredi, mwanga usioonekana kwa macho, zaidi. Kifaa hupitisha mawimbi ya nanomita 660 na 940, kisha hukokotoa asilimia ya himoglobini yenye oksijeni kutokana na uwiano wa ufyonzaji wa mawimbi hayo.

Kaboni monoksidi, gesi yenye sumu inayotoka kwenye makaa yanayowaka, hukishika chuma hicho hicho kwa nguvu inayozidi ya oksijeni zaidi ya mara 200, na himoglobini iliyoshikwa nayo hufyonza mwanga mwekundu karibu sawa na ile yenye oksijeni, hivyo kifaa huihesabu kama yenye oksijeni. Ndiyo maana pia midomo ya mgonjwa haigeuki samawati. Kununua oksimita nyingine ya mawimbi mawili, kama majirani wanavyoshauriana, ni kupoteza pesa. Na tumekwisha kusema mara nyingi: gesi hii haina rangi wala harufu, kwa hiyo makaa yaliyoacha kufuka moshi hayajawa salama.

Mtoe mgonjwa nje, mfikishe hospitali, na utaje jiko kabla hata ya kuandikishwa, ili daktari aagize kipimo cha damu cha ko-oksimita, kinachotumia mawimbi mengi zaidi na hivyo kuitofautisha gesi hii na oksijeni. Sampuli huwekwa kwenye sirinji yenye heparini, dawa ya kuzuia damu kuganda, bila mapovu ya hewa, na huandikwa saa ilipotolewa na saa mgonjwa alipoanza kupewa oksijeni, kwa kuwa gesi hupungua kwa nusu katika takriban saa nne hadi sita akivuta hewa ya kawaida, lakini katika saa moja hadi moja na nusu akipewa oksijeni tupu. Sampuli isiyo na saa hizo hatuwezi kuitafsiri ipasavyo, hata jamaa wakikasirika.

Ubovu halisi wa kifaa uripotiwe kwa Bodi ya Famasia na Sumu, pamoja na nambari yake.