Meli ya kitalii ikikuacha bandarini: yanayodhaniwa na ukweli wake

Sisi wa Dodoma huielewa meli kwa mazoea ya basi. Basi likisimama Gairo abiria wachimbe dawa, kondakta huhesabu vichwa kabla ya kuondoka, na asiyeonekana huitwa kwa kelele mpaka atokee. Hapo ndipo inapozaliwa dhana kwamba meli nayo itamsubiri mtu mmoja. Ukweli ni kwamba kadi ya kila abiria husomwa na mashine anaposhuka na anapopanda, kwa hiyo meli inajua fika kwamba haumo, na bado itaondoka, maana rubani wa kuitoa bandarini ameshapangiwa saa na kukaa gatini hulipiwa. Wanaosubiriwa kwa kawaida ni waliokwenda matembezi yaliyoandaliwa na meli yenyewe. Aliyekodi teksi yake anajitegemea.

Saa nayo hupoteza wengi. Inayofuatwa ni saa ya meli, ambayo si lazima ilingane na ya nchi kavu, na mwisho wa kupanda huwa nusu saa au zaidi kabla ya kung'oa nanga. Sisi tuna mtego wa ziada: ratiba ikiandika 11:30, aliyezoea saa za Kiswahili anaweza kudhani ni jioni, kumbe ni saa tano na nusu asubuhi.

Wapo wanaoamini kwamba ukikodi boti na kuifuata meli, utapandishwa. Machi 2024, huko São Tomé, kisiwa kilicho upande wa magharibi wa Afrika, abiria wanane waliochelewa kutoka matembezi binafsi waliiona meli yao ikiwa bado imetia nanga, wakapelekwa hadi ubavuni mwake na boti ya walinzi wa pwani, na wakakataliwa. Baadhi yao walipita nchi kadhaa kabla ya kuikuta Dakar, Senegal.

Si kweli pia kwamba pasi ya kusafiria iliyobaki chumbani imekwenda na meli. Mara nyingi wahudumu hufungua sefu na kuiacha pasi hiyo kwa wakala wa meli bandarini. Rudi gatini kwanza, usikimbilie hoteli. Namba ya wakala huandikwa kwenye karatasi ya ratiba ya siku; ipige picha kabla ya kushuka.

Dhana ninayoiona ya hatari zaidi kwa Mtanzania ni ya kupanda tu ndege hadi bandari inayofuata. Nauli utailipa mwenyewe, lakini kikwazo kikubwa ni viza: ruhusa ya kushuka kwa siku moja ambayo baadhi ya nchi huwapa abiria wa meli haimfai anayeingia kwa ndege, na viza ya Schengen, yaani eneo la nchi nyingi za Ulaya zinazotumia viza moja, ikiwa ni ya kuingia mara moja haitumiki tena ukishatoka katika eneo hilo. Muulize wakala kabla ya kukata tiketi. Ikiwa pasi haipo kabisa, ubalozi unaweza kutoa hati ya dharura, ingawa hati ya namna hiyo kwa kawaida hukurudisha nyumbani, haikufikishi melini.

Kuhusu bima ya safari, nyingi hulipa pale ucheleweshaji unapotokana na ugonjwa au ajali yenye vielelezo, kama barua ya daktari. Foleni ya kununua zawadi sokoni haimo.